Absalomu Langoni: Ni Nani Asemaye kwa Jina la Wananchi?

(Hotuba iliyotolewa na wakili mmoja wa Mombasa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini, katika ukumbi wa kanisa, Likoni)

  Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wasomi wa dunia hii huliita populizimu, na katibu wetu amenionya nisilete hapa lugha ya mahakamani. Nitajitahidi kumtii.

Kwa maneno yanayoeleweka barazani kwetu, populizimu ni siasa ya mtu kujitangaza kuwa yeye peke yake ndiye mtetezi wa mnyonge, na kwamba kila asiyekubaliana naye ni adui wa wananchi. Si jambo geni. Waumini mlio hapa mnakifahamu kisa cha Absalomu, mwana wa Mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 15. Absalomu alijipatia gari na farasi, na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Kila asubuhi alidamka, akasimama kando ya njia iendayo langoni. Mtu yeyote mwenye shauri alipopita kwenda kwa mfalme kutafuta hukumu, Absalomu alimwita, akamwuliza mji atokao, kisha akamweleza kwamba dai lake ni la haki kabisa, ila mfalme hakumweka mtu wa kumsikiliza. Laiti mwamuzi angekuwa yeye! Na mtu huyo alipotaka kumwinamia, Absalomu alimshika mkono akambusu. Ndivyo alivyoiiba mioyo ya watu.

Ndugu zangu, yatazameni mambo matatu katika kisa hicho. La kwanza, mtetezi huyu wa wanyonge alikuwa mwana wa ikulu, mwenye gari na walinzi. La pili, malalamiko ya watu yalikuwa ya kweli. Hakuna mtu anayefunga safari ya mbali kwenda kutafuta hukumu kwa sababu ya mzaha. La tatu, hatusomi mahali popote kwamba Absalomu aliamua hata kesi moja. Mwisho wake mnaujua: vita katika msitu wa Efraimu, na watu 20,000 wakaangamia kwa siku moja. Wale waliobusiwa langoni ndio waliozikwa msituni.

Sasa niwaeleze wasomi wanasemaje, kwa kuwa wamelitazama jambo hili kila mmoja kutoka dirisha lake.

Wanahistoria hutukumbusha kwamba jina hili halikuanza kama tusi. Katika miaka ya 1870 vijana wasomi wa Urusi, walioitwa narodniki, waliacha miji wakaenda vijijini kuishi na wakulima, wakiamini kwamba hekima ya taifa iko kwa watu wa jembe. Huko Marekani mwaka 1892, wakulima waliolemewa na madeni ya benki na nauli za reli walikutana katika mji wa Omaha wakatoa ilani ya Chama cha Watu. Walidai mwenye kipato kikubwa alipe kodi kubwa zaidi, reli ziwe mali ya umma, na kura iwe huru na ihesabiwe kwa haki. Sisi tuliopigania mageuzi katika nchi hii hatuwezi kuwacheka watu wa namna hiyo. Madai yao ni ndugu wa madai yetu.

Mwaka 1967 wasomi wa fani nyingi walikusanyika katika Chuo cha Uchumi cha London kutafuta maana ya neno hili, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1969 katika kitabu kilichohaririwa na Ghita Ionescu na Ernest Gellner. Sura ya Afrika iliandikwa na John Saul, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam. Tangu hapo hawajaafikiana, lakini kutoafikiana kwao kuna faida kwetu.

Cas Mudde, mtaalamu wa siasa kutoka Uholanzi, aliandika mwaka 2004 kwamba populizimu ni itikadi nyembamba. Inaigawa jamii mafungu mawili tu: watu wema walioonewa, na wakubwa waliooza, kisha inadai kwamba siasa yote haina budi kufuata nia moja ya watu wema. Kwa kuwa ni nyembamba, haiwezi kusimama peke yake. Ni kama kirukia juu ya mwembe: haina mizizi ardhini, hukaa juu ya tawi la mti mwingine. Leo itakaa juu ya dini, kesho juu ya kabila, kesho kutwa juu ya ardhi. Kurt Weyland yeye haangalii itikadi, anaangalia mkakati. Kwake populizimu ni njia ya kiongozi mmoja kuufikia umati moja kwa moja, akiruka chama, baraza na kila taasisi iliyowekwa kati yake na wafuasi wake. Benjamin Moffitt, katika kitabu chake cha mwaka 2016, anaiona kama maonyesho: lugha ya mtaani, mavazi, kelele za hatari iliyo karibu, na vyombo vya habari vikiwa jukwaa.

Wanauchumi nao wana hesabu yao. Rudiger Dornbusch na Sebastian Edwards walichunguza nchi za Amerika ya Kusini, na mwaka 1991 wakaeleza jinsi serikali zilizoahidi kila kitu bila kujali mapato zilivyofurahisha watu kwa muda, kisha bei zikapaa, mishahara ikapungua nguvu, na maskini aliyekusudiwa kusaidiwa ndiye aliyeumia kwanza. Kwa upande wa Afrika, Danielle Resnick aliandika mwaka 2014 juu ya vyama vilivyowavuta maskini wa mijini, na mojawapo ya mifano yake ni Michael Sata wa Zambia, aliyeshinda urais mwaka 2011.

Yuko mwanafalsafa mmoja asiyekubali kuilaani populizimu. Naye ni Ernesto Laclau, mzaliwa wa Argentina. Katika kitabu chake cha mwaka 2005 anaeleza kwamba mmoja hana maji, mwingine hana hati ya shamba, wa tatu hana kazi, na kila mmoja peke yake hana nguvu. Madai hayo yakitungwa katika uzi mmoja, kama shanga, ndipo watu wanapokuwa umma. Kwake hiyo ndiyo siasa yenyewe. Jan-Werner Müller, Mjerumani, anamjibu katika kitabu cha mwaka 2016 kwamba kuwakosoa wakubwa si kosa, na wala si populizimu. Kosa liko katika neno moja: "peke yangu". Mtu anaposema kwamba yeye peke yake ndiye anayewakilisha wananchi wa kweli, ina maana wanaompinga si wananchi. Na mtu akishaondolewa katika hesabu ya wananchi, ni nani atakayemlinda?

Hapo, ndugu zangu, nitawarudisha hapa hapa Likoni.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi waliuawa, silaha zikaibwa, vibanda na nyumba zikachomwa moto. Mashambulizi yaliendelea kwa majuma kadhaa. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha yao, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 100,000 waliyahama makazi yao. Wengi walikimbilia kanisa Katoliki la Likoni wakalala uani na watoto wao. Vikaratasi vilikuwa vimesambazwa kuwaonya watu wa bara waondoke. Ujumbe wake ulikuwa mwepisi mno: Pwani ina wenyewe, na umaskini wa wenyewe umeletwa na wageni.

Mimi nilikuwa kijana wa shule wakati huo. Jirani yetu, mama mmoja wa bara aliyekuwa akiuza maharagwe na mahindi sokoni, alikuja kwetu alfajiri na mtoto mgongoni, akamkabidhi mama yangu ufunguo wa chumba chake, akisema atarudi mambo yakitulia. Hakurudi. Ufunguo ule ulining'inia kwenye msumari mpaka ukashika kutu. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, lakini kila ninaposikia mwanasiasa akitamka "watu wetu", huukumbuka ufunguo ule.

Nauliza kama wakili: je, malalamiko yaliyotumiwa yalikuwa ya uongo? La, hasha. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai katika ukanda wa Pwani alipeleke likasajiliwe. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi, waliomiliki ardhi kwa ukoo na mila, wakajikuta maskwota katika mashamba waliyozaliwa. Bandari ilikuwa hapa na kazi zake watu wakiziona zikipita. Hata majimbo hayakuwa neno la uchochezi tangu asili: chama cha KADU, kilichoongozwa na Ronald Ngala, mwana wa Pwani, kilipigania serikali za majimbo, zikaandikwa katika Katiba ya mwaka 1963, kisha zikafutwa upesi baada ya uhuru. Watu walikuja langoni na shauri la haki.

Lakini nani aliwangojea pale langoni? Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila. Ripoti yake ilikabidhiwa mwaka 1999, ikafungiwa kabatini, ikatolewa hadharani mwaka 2002 tu. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wake juu ya Pwani, likieleza jinsi vijana walivyokusanywa na kuapishwa kwa matumaini ya ardhi na kazi, katika mwaka wa uchaguzi, na jinsi hesabu ya kura ilivyokuwa nyuma ya mambo hayo. Vijana waliahidiwa mashamba. Je, walipata? Watalii walikimbia, hoteli za Kusini mwa Pwani zikafungwa, na waliopoteza kazi walikuwa wengi wao vijana wa hapa hapa. Ama shamba la Waitiki, ambalo mgogoro wake kila mtu wa Likoni anaujua, hati za wakazi zilianza kutolewa Januari 2016, baada ya serikali kulinunua shamba hilo. Miaka zaidi ya 18 ilipita. Panga halikutoa hati hata moja. Zilizotolewa zilitoka katika ofisi ya ardhi, kwa karatasi na muhuri, baada ya wananchi kudai bila kuchoka.

Msidhani kwamba ugonjwa huu ni wa watu wa majimbo peke yao. Serikali yenyewe iliutumia. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na tukaambiwa kwamba chama hicho ndicho sauti ya wananchi wote. Kisha ukaja uchaguzi wa mlolongo. Tuliambiwa kwamba kura ya siri ni ya kigeni, na kwamba mwananchi wa kawaida hana haja ya kuficha chaguo lake; asimame tu nyuma ya picha ya ampendaye. Katika mchujo wa mwaka 1988, aliyetangazwa kuwa amepata asilimia 70 ya mlolongo alipita bila kupingwa. Foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu, na hapakuwa na karatasi ya kuhesabu upya. Waliosimama kukataa walikuwa watu wa makanisa: Baraza la Makanisa, NCCK, lilipinga mapema mwaka 1986, na maaskofu kama Alexander Muge, Henry Okullu na Manasses Kuria wakanena wakati ambapo kunena kulikuwa hatari. Waliitwa maadui wa wananchi. Leo hakuna anayethubutu kuutetea mlolongo.

Hata baada ya Katiba mpya ya mwaka 2010, jaribu lile lile lilirudi likiwa limevaa suti. Kifungu cha 257 kinawapa wananchi njia ya kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa kukusanya saini za wapiga kura milioni 1. Mpango wa BBI, uliozaliwa baada ya Rais na kiongozi wa upinzani kupeana mikono tarehe 9 Machi 2018, ulipitia mlango huo. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho kupitia mlango uliowekewa raia. Kwa lugha ya nyumbani, majaji walisema: mlango huu ni wa mwananchi asiye na ikulu, mwenye ikulu asijifunike kanga ya mwananchi ili apite. Sijui kama iko hukumu nyingine ya nchi hii inayomjibu Absalomu vizuri zaidi.

Mwaka huo huo wa 2022 tulishuhudia uchaguzi uliopiganwa kwa lugha ya mahasla na masultani wa siasa, na wilbaro ikawa alama ya chama. Wako waliosema kwamba lugha ile ilikuwa afadhali, kwani kwa mara ya kwanza watu walizungumza juu ya tumbo badala ya kabila. Nami nakubali kwamba kuna ukweli hapo. Wako waliosema kwamba mtu aliyekuwa Naibu wa Rais kwa miaka karibu 10 hawezi kuwa mgeni katika nyumba anayoilaumu. Na hapo pia kuna ukweli. Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa mwaka 2024. Vijana wakausoma, wakaueleza kifungu kwa kifungu kwa lugha za makwao, wakaingia barabarani Nairobi, Mombasa na kwingineko wakisema hawana kabila wala kiongozi. Tarehe 25 Juni 2024 damu ilimwagika, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatatia sahihi. Mimi siwaiti vijana wale wapopulisti. Hawakudai kwamba wao peke yao ndio Kenya. Walidai kusomewa hesabu ya fedha zao, na hiyo ni haki ya mwenye mali.

Basi tufanye nini? Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa 5, na kila mara lango hujaa akina Absalomu. Nawaachia maswali manne ya kumwuliza kila atakayetushika mkono.

Swali la kwanza: unaposema wananchi, ni nani uliyemwacha nje? Mchuuzi wa bara aliyeko Kongowea yumo? Mdigo wa Mtongwe yumo? Mwislamu, Mkristo na asiyesali wamo?

Swali la pili: dai letu ni la kweli, lakini dawa yako ni ipi? Ni sheria gani utakayoibadilisha, ni fedha za fungu gani utakazozitumia, na ni kazi gani ya namna hiyo uliyokwisha kuifanya ulipokuwa na nafasi?

Swali la tatu: je, unawavumilia wanaokukatalia? Mahakama ikikushinda, gazeti likikuchambua, askofu au imamu akikukemea, utawaita nani?

Swali la nne: tukikosea kukuchagua, tutakuondoa kwa njia gani? Kiongozi asiyetaka kuzungumzia mlango wa kutokea asipewe ufunguo wa kuingilia.

Na maswali hayo tujiulize sisi wenyewe kwanza. Vuguvugu la mageuzi nalo lilipata kusema kwa kiburi kwamba sisi ndio umma. Mwaka 1992 FORD iligawanyika vipande, kila kipande kikidai kuwa ndicho chenye wananchi, na Rais Moi akarudi ikulu kwa kura zisizofika asilimia 37. Wananchi ni wengi, tena hawafanani, na hawana mdomo mmoja. Ndiyo sababu Katiba, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inasema kwamba mamlaka yote ni ya watu wa Kenya, na papo hapo inaeleza kwamba mamlaka hayo yatatumiwa kwa njia ya Katiba tu: kupitia bunge, serikali, mahakama na kaunti. Wengine huona hizo ni pingu za umma. Mimi naziona kama boriti za nyumba: zikitolewa, paa litatuangukia sote, mwenyeji na mgeni.

Kwa waumini nina ombi moja. Msiache lango tupu. Absalomu alifaulu kwa sababu mwenye shauri alifika asubuhi, asikute mtu wa kumsikiliza. Kanisa, msikiti na ofisi zetu za msaada wa sheria zikimkaribisha skwota na faili lake, zikimsindikiza kijana aliyekamatwa bila kosa, zikihudhuria vikao vya bajeti ya kaunti na kuuliza fedha zimekwenda wapi, mtu yule hatakuwa na haja ya kubusiwa na mwana wa mfalme.

Jirani yangu aliacha ufunguo kwetu kwa kuwa alituamini. Aliamini kwamba baada ya hasira kupita, tungemfungulia. Kazi ya mageuzi, kama ninavyoielewa, ni kuijenga Likoni ambayo mtu hatalazimika kuacha ufunguo wake kwa jirani alfajiri, kwa sababu kuna aliyesimama jukwaani jana na kumfuta katika hesabu ya wananchi.